Leva ya breki ya baiskeli ya TT (ya mbio dhidi ya saa): ifinye kwanza kabla hujaifungua

Baiskeli iliingia karakanani ikiwa bado ndani ya sanduku la safari, na mwenyewe alikuwa ameshatoa hukumu. "Fundi, leva ya kulia imekufa. Nataka kuagiza nyingine." Alikuwa ametoka Rubavu, kule Rwanda, kwenye Ironman 70.3, mashindano ya kuogelea, baiskeli na kukimbia, kando ya Ziwa Kivu. Alimaliza mbio salama, akapakia, akapanda ndege, na alipofungua sanduku nyumbani leva ikawa inaenda mpaka kwenye usukani bila ubishi wowote.

Nikaifinya. Laini kama ndizi iliyoiva kupita kiasi. Nikaifinya tena mara nne haraka haraka, ikapanda na kuwa ngumu. Nikaishikilia hapo kwa nguvu nikahesabu mpaka thelathini. Haikuzama hata kidogo. Basi nikamwambia aiache na aende nyumbani, asiagize kitu.

Nilichofanya jioni ile ni kuisimamisha baiskeli ukutani kwa gurudumu la nyuma, usukani ukitazama dari, nikaifunga leva kwa kipande cha mpira wa tyubu ikiwa imefinywa, nikafunga duka. Asubuhi nilipofungua ule mpira na kuifinya mara mbili tatu, leva ilisimama katikati ya safari yake kama inavyotakiwa. Siku ya tatu nikaitoa hewa kwa utaratibu kamili, kwa sababu ujanja wa usiku mmoja ni huduma ya kwanza tu. Lakini leva mpya haikuhitajika.

Naanza na kisa hiki kwa sababu nikipokea baiskeli kumi za TT zenye "leva mbovu", leva zenyewe mara nyingi hazina kosa. Kosa liko kwenye njia ambayo paipu ya oili ya breki inapita, au kwa aliyeifunga.

Kwa nini hewa inaipenda baiskeli hii

Kwenye baiskeli ya kawaida ya mbio, leva iko juu kuliko kila sehemu nyingine ya mfumo wa breki. Kiputo cha hewa kikitokea kwenye kalipa, yaani kile kifaa kinachobana pedi, kinapanda chenyewe mpaka kwenye kitangi cha oili, na hapo hakina madhara. Baiskeli ya TT imekaa kinyume. Leva imechomekwa kwenye ncha ya usukani wa chini, imelala kama samaki, na paipu inarudi nyuma ndani ya usukani, inapanda kwenye stemu, ile shingo inayoshika usukani, inapita pembeni ya beringi za uma, kisha inashuka kwenda kwenye kalipa. Mara nyingi sehemu ya juu kabisa ya njia hiyo iko ndani ya stemu, mahali ambapo huoni wala hugusi. Kiputo kinakwenda pale kinakaa. Unaweza kusukuma oili kwa sirinji mchana kutwa, baiskeli ikiwa imesimama sawasawa kwenye stendi, nacho kikabaki palepale kikikuangalia.

Dawa yake ni kuinua mbele ya baiskeli. Leva iko mbele ya stemu, kwa hiyo ukiinua uma vya kutosha, ncha ya usukani inakuwa juu kuliko stemu, na njia yote inakuwa mteremko mmoja kutoka leva hadi kalipa. Ndiyo maana ule ukuta ulifanya kazi. Leva ikiwa imefinywa usiku kucha, shinikizo linakibana kiputo kinakuwa kidogo na kujibandua kwenye ukuta wa paipu. Ukiiachia asubuhi, tundu la kitangi linafunguka nacho kinatoka.

Oili kwanza

Usiguse skrubu yoyote kabla hujajua mfumo unatumia oili gani. Kati ya watengenezaji wa breki, Shimano wanatumia oili ya madini yenye rangi ya waridi. Magura, ambao breki zao za rimu za RT8 TT zilikuja na baiskeli ya Cervélo P5 ya mwaka 2012, wanatumia oili yao ya madini ya rangi ya buluu. SRAM kwenye breki zao za barabarani wanatumia DOT, oili ya breki kama ya magari, yenye unjano hafifu. Mara nyingi aina imeandikwa kwenye leva au kwenye kalipa. Ikiwa imefutika, vuta tone moja kwa sirinji uliangalie juu ya karatasi nyeupe.

Ukienda Barabara ya Kirinyaga hapa Nairobi kuomba oili ya breki utapewa DOT 3 au DOT 4, maana ndiyo inayoliwa na matatu na bodaboda. Kwenye SRAM, DOT 4 inakubalika na DOT 5.1 ni bora zaidi: DOT 4 ikiwa mpya haichemki chini ya nyuzi 230, na 5.1 haichemki chini ya nyuzi 260. DOT 5 bila ile moja ni kitu kingine kabisa, ni silikoni, usiiguse. Na DOT yoyote ile ukiitia kwenye Shimano au Magura umeua leva kweli. Sili za ndani zinavimba. Siku ya kwanza breki inafanya kazi vizuri, ndiyo sababu watu hawaamini. Baada ya siku kadhaa leva inaanza kurudi polepole, kisha haitaki kurudi kabisa. Hilo ni kosa ambalo haliondolewi kwa kuosha: Shimano hawauzi sili za ndani ya leva, unabadilisha leva nzima na kalipa yake. Kinyume chake pia ni kweli, oili ya madini ndani ya SRAM inavimbisha sili zake vilevile.

Mafuta ya mtoto? Nimeyasikia hayo. Watu wanasema nayo ni oili ya madini. Ndiyo, na mafuta ya taa nayo yanawaka kama petroli, lakini huyatii kwenye pikipiki.

Jambo jingine la kuhakikisha mapema: leva ipi inashika gurudumu lipi. Baiskeli zilizofungwa kwa desturi ya Uingereza zina breki ya mbele kulia. Zilizofungwa kwa desturi ya Ulaya bara na Marekani huwa nayo kushoto. Niliwahi kumaliza saa nzima nikitafuta kwa nini "breki ya mbele" ni dhaifu kumbe mteja na mimi tulikuwa tunazungumzia magurudumu mawili tofauti.

Leva inaenda mbali sana

Hapa ndipo pana kazi, kwa sababu malalamiko ni yaleyale, "inagusa usukani", lakini sababu ni tatu na hazifanani hata kidogo. Vidole vinazitofautisha.

Ikiwa ni laini tangu mwanzo, kama unafinya sponji, na ukiipampu inapanda, ni hewa. Itoe. Kwenye Shimano unaweka faneli kwenye leva na sirinji kwenye kalipa, unasukuma oili kutoka chini kwenda juu, mbele ya baiskeli ikiwa imeinuliwa kama nilivyosema. Toa pedi kwanza, weka kile kibao cha plastiki kati ya pistoni. Gonga paipu na usukani kwa mpini wa bisibisi huku ukisukuma. Vile viputo vidogo vinavyotokea kwenye faneli baada ya kugonga ndivyo vilivyokuwa vimejificha kwenye kona za stemu. Kwenye SRAM unatumia sirinji mbili, na kabla ya kuanza unaziba mdomo wa sirinji na kuvuta kipini ili hewa iliyoyeyuka ndani ya oili yenyewe itoke. Watu wanairuka hatua hiyo, kisha wiki mbili baadaye wanashangaa ulaini umerudi.

Ikiwa inakwenda mbali lakini mwishoni inasimama ngumu kama jiwe, na ukiipampu haibadiliki, hakuna hewa. Angalia pedi. Zikiwa zimelika, au pistoni zikirudi nyuma kuliko inavyotakiwa, leva inatumia safari yake yote kuzifikisha kwenye diski. Shimano wanasema pedi itupwe ikibaki unene wa milimita 0.5, na diski ikifika milimita 1.5. Diski iliyopinda nayo inafanya hivihivi, kwa sababu kila mzunguko inazirudisha pedi nyuma. Vilevile kuna skrubu ndogo ya kurekebisha umbali wa leva kutoka kwenye usukani: mwenye vidole vifupi akiisogeza ndani sana, safari inaisha kabla breki haijashika.

Ikiwa inasimama vizuri halafu inazama taratibu ukiwa umeishikilia, simama hapohapo. Hiyo haipandwi. Ama oili inavuja mahali, ama sili ya pistoni ndani ya leva inapitisha. Funga tishu kwenye kalipa, nyingine kwenye ungio la nyuma ya leva, finya kwa nguvu dakika nzima, kisha uzifungue. Tishu zikiwa kavu na leva bado inazama, oili inarudi kwenye kitangi kupitia sili. Kwa leva inayoenda mbali, hapo ndipo leva mpya inapohitajika, na ni hapo tu.

Oili inatoka kwenye ncha ya usukani

Karibu kila mara ni ufungaji, kwa hiyo nieleze ufungaji wenyewe.

Kwenye baiskeli ya TT huwezi kuunganisha paipu leva ikiwa mahali pake. Unaivuta paipu itoke kwenye mdomo wa usukani, unaiunganisha na leva ikiwa nje, mkononi, kisha unaisukuma leva ndani na ile paipu ya ziada inarudi nyuma ndani ya fremu. Ukilielewa hili umeelewa nusu ya matatizo yote yaliyobaki kwenye makala haya.

Paipu inakatwa kwa kikata paipu, mraba kabisa, sio kwa plaisi. Kisha vinaingia vitu vitatu kwa mpangilio huu: nati kwanza, halafu olivu, yaani kile kipete cha shaba kinachobanwa, mwisho kipini chenye tundu kinachogongwa ndani ya mdomo wa paipu. Ukisahau nati, utaigundua baada ya kugonga kipini, na kipini kikishaingia hakitoki. Unakata na kuanza upya. Nimefanya hivyo mara mbili. Mara ya pili nilikuwa nimeshampigia mteja simu kwamba kazi imekwisha.

Kipini kiwe cha paipu hiyohiyo. Cha paipu ya Shimano ya BH59 hakiingiliani na cha BH90, japokuwa ukiviangalia haraka ni ndugu. Olivu inatumika mara moja tu: ikishabanwa imeshachukua umbo la mahali pale, na ukiirudisha kwingine itavuja. Nati ikazwe kwa spana ya toku, ile inayopima nguvu ya kukaza, kwenye Nm 5 au 6 hivi kama kitabu cha leva kinavyosema, huku ukiisukuma paipu kuelekea ndani kwa mkono mwingine. Watu wengi wanasahau kusukuma. Paipu inarudi nyuma nusu milimita wakati nati inakazwa, olivu haibani sawasawa, na uvujaji wake unajitokeza siku ya breki kali, karakanani hauonekani.

Ikivuja DOT juu ya fremu, imwagie maji mara moja, maana inakula rangi. Ya madini futa kwa spiriti.

Breki inashika yenyewe, au leva inarudi kama imelala

Nakumbuka baiskeli moja nyeupe iliyoletwa na kijana aliyefungiwa leva mahali pengine. Gurudumu la mbele lilikuwa linazunguka vizuri mpaka ufinye breki. Ukiachia, pedi zilichukua sekunde mbili kujifungua. Alikuwa ameshabadilisha pedi, ameshasafisha pistoni, ameshatoa hewa. Niliichomoa leva kwenye usukani na nikaona paipu imejikunja nyuma yake kama kiwiko, imepauka pale kwenye mkunjo. Aliyefunga alikuwa ameacha paipu ndefu ili "iwe rahisi baadaye", na alipoisukuma leva ndani, ile ziada haikwenda popote. Oili ilipita kwenda kwa nguvu za mkono, lakini kurudi, ambako inasukumwa na chemchemi tu, ilipita kwa tabu.

Paipu iliyokunjwa hivyo usiinyooshe ukaendelea nayo. Badilisha.

Urefu sahihi ni ule unaokuwezesha kuivuta leva nje kiasi cha upana wa kiganja, na ukiirudisha, paipu iteleze ndani bila kusukumwa. Kabla ya kukata, geuza usukani mpaka mwisho kulia na kushoto. Kwenye fremu ambazo paipu zinapita ndani ya beringi za uma, nimeona paipu fupi ikivutwa kila kona mpaka ungio linaanza kuvuja. Dalili yake ni ya ajabu kidogo: leva inabadilika ugumu unapogeuza usukani. Ukiona hivyo, hata usifikirie hewa. Na paipu iliyokatwa fupi hairefuki, kwa hiyo ukiwa na shaka kata mara mbili badala ya moja.

Kuna chanzo kingine ambacho hapa kwetu ni cha jua. Mtu anajaza oili pedi zikiwa zimelika, pistoni zikiwa zimetoka nje sana. Baadaye anaweka pedi mpya, anazirudisha pistoni ndani, na oili yote ile inakosa pa kwenda kwa sababu kitangi kimeshajaa. Asubuhi inaenda. Mchana gari likiwa limefungwa juani, oili inatanuka na breki inashika yenyewe. Fungua skrubu ya kutolea hewa kwenye leva, zirudishe pistoni taratibu mpaka mwisho, acha ziada itoke, funga. Kitangi cha leva ya TT ni kidogo sana, kosa la matone machache tu linaonekana.

Leva ngumu, baiskeli haisimami

Hii haina uhusiano na leva. Pedi zimepata mafuta, au hazijawahi kuzoeshwa. Mtu anapulizia mnyororo dawa ya kulainisha huku diski iko pembeni, kisha ananiletea leva. Safisha diski kwa spiriti na kitambaa kipya, badilisha pedi. Za mafuta hata ukizichoma kwa moto wa jiko zitakudanganya wiki moja tu. Pedi mpya zizoeshe: punguza mwendo kutoka kasi ya kati hadi mwendo wa kutembea mara ishirini hivi, kisha mara kumi kutoka kasi kubwa zaidi, bila kusimama kabisa na bila kufunga gurudumu.

Wanaoniambia "TT haihitaji breki, ni barabara iliyonyooka" nawakumbusha Kigali, 21 Septemba 2025, mashindano ya dunia ya mbio dhidi ya saa. Wanaume walikwenda kilomita 40.6 na Remco Evenepoel akashinda, wanawake kilomita 31.2 akashinda Marlen Reusser, na mji wenyewe ni vilima kushoto na kulia. Unachopanda utakishuka, ukiwa na mikono kwenye pembe za mbele na leva ziko mbali nawe. Ukishazifikia zinatakiwa zishike mara ya kwanza.

Leva inacheza kwenye usukani

Leva nyingi za TT zinashikiliwa na kabari inayotanuka ndani ya mdomo wa usukani. Ikicheza, jambo la kwanza watu wanalofanya ni kukaza zaidi, na usukani wa kaboni unapasuka kimya kimya kwa ndani. Ichomoe. Futa mafuta yote ndani ya mdomo, maana mara nyingi tone la oili lilibaki siku ya kutoa hewa na ndilo linaloteleza. Pima kipenyo cha ndani ulinganishe na kile kilichoandikwa kwa ajili ya leva hiyo. Tofauti ndogo tu kabari haishiki. Paka ule uji wa chengachenga wa kaboni, rudisha, kaza kwa kipimo kilichoandikwa. Kama leva ina vitufe vya gia, angalia waya wake haujabanwa kati ya kabari na ukuta. Gia zinazobadilika zenyewe unapofinya breki zinatokana na hilo.

Kelele nitazipita haraka: diski chafu, kalipa haiko katikati, au bolti zimelegea. Legeza bolti za kalipa, finya breki, zikaze leva ikiwa imefinywa, Nm 6 hadi 8 kwa Shimano. Nati ya diski ya Center Lock, ile inayofungwa kwa nati moja katikati, ni Nm 40, ambazo ni nyingi kuliko mkono wa wengi unavyodhani.

Kabla ya kupakia kwa safari

Yule wa Rubavu nilimwonyesha upakiaji wakati anachukua baiskeli. Gurudumu likitoka tu, kipande cha plastiki kinaingia kati ya pedi, kwa sababu leva ikifinywa na nguo ndani ya sanduku, pistoni zinatoka na pedi zinakutana. Leva anaifunga kwa mpira, imefinywa nusu, ili tundu la kitangi lizibwe na hewa ya kitangini isiingie kwenye mfumo sanduku likigeuzwa kichwa chini. Akifika anaisimamisha baiskeli, anafungua mpira, anafinya kila leva mara kumi kabla hajaweka hata chupa ya maji.

Aliniuliza kama ule mpira wa tyubu ni wa aina maalumu. Nilimkatia kipande kutoka kwenye tyubu ya pancha iliyokuwa sakafuni, nikampa.